Sifa za Amuri Dalali

"Kitanda kimekwenda. Sasa tazameni hii."

Amuri dalali akanyanyua picha kubwa ya rangi ya mafuta juu ya kichwa chake. Ndani yake hamkuwa na mtu, wala nyumba, wala mti. Mistari myeusi tu, ikikatana juu ya rangi nyekundu na kijani, nene kama pondu ya majani ya muhogo iliyopoa.

"Papa Amuri, iyo iko picha ao iko gunia ya kupangusia burashi?" akauliza Mama Berthe, muuza samaki.

Watu wakacheka. Ilikuwa mwaka 1964, na Stanleyville, Kisangani ya leo, ilikuwa mikononi mwa waasi walioitwa Simba. Vitu vya Mbelgiji aliyekimbia vilikuwa vikipigwa mnada uani pake. Ua ulifurika, maana ukibaki nyumbani, hofu inakukuta peke yako.

Amuri alipenda ua uliojaa. Kazi yake ilikuwa kusifu. Hakuna kiti alichouza ambacho gavana hakukikalia. Ulimi ukamtangulia, kama kila siku.

"Mama, unacheka kitu kikubwa. Muzungu aliyechora hii alipanda ndege, akaona mji wetu wote toka juu. Angalia: mto, barabara, kambi..."

Kicheko kikakatika. Juzi tu ndege za serikali zilikuwa zimemimina risasi mjini, na Simba walikuwa wakimtafuta anayezionyesha njia. Jirani mmoja alichukuliwa kwa sababu ya redio mbovu. Hajarudi.

Simba aliyekuwa ameegemea ukuta, kijana mwenye majani kichwani, akaja polepole. Watu wakampisha. Akagusa picha kwa ncha ya mkuki.

"Kambi iko wapi?"

"Chef, mkubwa wangu, hakuna kambi. Nilisema tu."

"Ulisema. Nani alikupa hii ramani?"

Jasho likamwingia Amuri machoni, naye hakuthubutu kushusha mikono ajipanguse.

"Mimi niko muongo, chef. Kila kitu ninachouza, ninakidanganyia. Uliza watu."

Simba akawageukia. Watu wakatazama miguu yao. Siku zile kumjua mtu ilikuwa hatari. Hatimaye Mama Berthe akakohoa.

"Iko muongo. Aliniuzisha sufuria, eti ya jikoni ya gavana. Ilitoboka siku ya kwanza, pondu yote motoni."

"Na mimi saa," akasema Tonton Kasongo, mshona viatu. "Bila kuitikisa, haitembei."

"Alisema kitanda alichoniuzisha mwaka jana askofu alikilalia," Binti, mjane wa mtaa ule, akadakia. "Askofu gani wa kunguni vile?"

Simba hakucheka, ila pembe ya mdomo ilimcheza. Akaondoa mkuki. Akainamisha kichwa upande, akaitazama picha kwa muda mrefu, akapitisha kidole juu ya ile nyekundu.

"Uzisha," akasema.

"Hii iko... mbao," akasema Amuri. "Kitambaa. Rangi."

"Franka ishirini," akasema Simba.

Amuri alitaka Simba aichukue palepale, aende nayo, basi. Mikono yake ilikwisha kumnyooshea picha. Lakini ulimi ulikuzwa mnadani, ukatangulia tena.

"Ishirini... Nani anaongeza?"

Simba akageuka taratibu, akaanza kuwatazama mmoja mmoja, akingoja kuona ni mkono wa nani utakaonyanyuka.