Siku Bilali Alipomwita Dada

Raudha alikuwa na ghala Nachingwea, lakini ungekwenda kutafuta korosho humo ungetoka mikono mitupu. Ghala lenyewe lilikuwa kompyuta moja kwenye chumba chenye feni bovu, na ndani yake alitunza vifurushi vya programu za seva za zahanati. Seva hizo zilitumia mfumo wa Linux, na zilikatazwa kuchukua kitu chochote mtandaoni moja kwa moja. Kila kifurushi kilipita kwanza kwa Raudha, akakipima, akakitia sahihi kwa ufunguo wake wa kidijitali, ndipo akakiweka ghalani. Seva ikikuta kifurushi hakina sahihi ya Raudha, inakikataa katakata, hata uibembeleze vipi.

Kutoka Nachingwea vifurushi vilinakiliwa Ruangwa kwa Bilali, na zahanati za Matambarale, Nambilanje na Kilimarondo zikachota kwake. Huyo Bilali sasa! Yeye Mmwera, Raudha Myao, watani wa jadi, na utani wao haukuwa na likizo. Hakuwahi kumwita Raudha kwa jina lake. Alimwita "mwizi wa kuku", na Raudha naye akamwita "mlafi wa matanga", kwa jinsi alivyokuwa wa kwanza kufika kwenye sinia na wa mwisho kunawa. Wiki iliyotangulia alimpigia simu akihema, eti tembo kang'oa antena ya Kilimarondo. Masikini Raudha akampigia mganga mfawidhi wa huko, akamuuliza habari za tembo, wagonjwa wanasikia. Alichekwa mpaka akaapa hatamwamini Bilali tena, hata akimwambia jua limechomoza.

Basi asubuhi ile, akiwa ameshatia sahihi kifurushi kipya cha kubana mafaili yasijaze nafasi na kukiweka ghalani, ukaingia ujumbe wa Bilali: "Assalamu alaykum dada Raudha. Tafadhali ondoa kile kifurushi cha kubana mafaili. Kina mlango wa siri. Mtu anaweza kuingia kwenye seva zetu bila neno la siri."

Raudha akacheka peke yake. Dada! Leo mlafi kaja na heshima! Kifurushi alikuwa amekipima mwenyewe na kikafaulu majaribio yote. Akajibu, "Na tembo je, yuko ndani ya huo mlango au nje?" Akaweka simu chini, akaendelea kugombana na feni lake.

Bilali hakujibu. Hilo peke yake lingetosha kumshtua, maana mtu yule hakuwahi kunyamaza akichokozwa, lakini siku hiyo masikio ya Raudha yalikuwa likizoni.

Baada ya sala ya adhuhuri akakaa na ugali wake wa muhogo na kisamvu, akafungua jukwaa la mafundi wa Linux asome yaliyojiri. Akalirudisha tonge kwenye sahani. Kifurushi kilekile, toleo lilelile. Mtu aliyeaminiwa kukitunza miaka yote alikuwa amepenyeza mlango wa siri, akaufukia mahali ambapo majaribio ya kawaida hayafiki. Mafundi wa nchi mbalimbali walikuwa wanapiga kelele kiondolewe.

"Yarabi," akasema Raudha. "Nimefanya nini mimi?"

Maana ndani ya seva zile mlikuwa na majina ya watu na maradhi yao. Kule Nambilanje, Mwamina muuguzi alikuwa amepita nyumba kwa nyumba kuwashawishi kina mama waende kupima, akiwaahidi kwamba majibu yao hayatajulikana na mtu. Kabla ya kuahidi, alimuuliza Raudha uso kwa uso, "Mdogo wangu, nikiwaambia siri yao iko salama, sitakuwa mwongo?" Raudha akamjibu, "Waambie, dada. Mimi nipo." Na kule watu wanajuana mpaka kwa mabibi, siri ikitoka asubuhi mchana iko gengeni. Leo sahihi iliyomfungulia mwizi ilikuwa ya Raudha huyohuyo.

Akakiondoa kifurushi ghalani. Lakini kukiondoa Nachingwea hakukuwa kukiondoa Ruangwa, sembuse zahanati. Akatazama skrini inayoonyesha seva zilizo hewani. Ruangwa haionekani. Matambarale, Nambilanje, Kilimarondo, hakuna hata moja inayoonekana. Mwizi keshaingia akazizima? Akampigia Bilali, hapatikani. Akarudia, hapatikani. Alilia, jamani, tusimfichie.

Akampigia Mwamina. "Dada, chomoa waya wa mtandao kwenye seva! Sasa hivi, usiniulize!"

"Waya upi tena?" Mwamina akashangaa. "Si nimeshauchomoa tangu asubuhi. Bilali alinipigia."

"Ukamwamini? Yule mzushi?"

"Mdogo wangu, mimi Myao mwenzio, na tangu nimjue Bilali ananiita bibi kizee. Leo kanisalimia salamu nzima, kaniita dada, kaniulizia na watoto. Nikajua hapa kuna msiba. Sikumsubiri amalize, niliuvuta ule waya mpaka nikauvunja kichwa. Kwake Ruangwa kazima kila kitu, na Kilimarondo wamechomoa. Ila Matambarale ndio huchota wa kwanza, na hawakupokea simu. Kaenda mwenyewe na bodaboda."

Raudha akaurudia ule ujumbe wa asubuhi. Assalamu alaykum dada Raudha. Mwamina alielewa kwa salamu moja tu, yeye akauliza habari za tembo. Aliona aibu, na chakula hakukigusa tena.

Simu ya Bilali ikaja alasiri.

"Assalamu alaykum, dada Raudha," akasema, taratibu kabisa.

Raudha akakaa sakafuni. "Bilali, nakuomba, usiniite dada. Matambarale imekuwaje?"

"Kifurushi kilikuwa kimeshafika, dada yangu."

"Mungu wangu!"

"Kimefika, kinasubiri saa yake ya kusakinishwa. Nimekifuta. Nimekagua kumbukumbu zote za seva, hakuna mgeni aliyeingia. Kwingine hakikufika kabisa."

Raudha akaibana simu sikioni. Alisikia injini ya bodaboda ikiunguruma upande wa pili, na Bilali akipiga chafya ya vumbi.

"Sasa nisikilize vizuri, mwizi wa kuku wewe!" Bilali akapaza sauti. "Nimekula vumbi la Matambarale mpaka kwenye magego kwa ajili yako. Nataka kuku mzima, na safari hii umnunue!"

Raudha akaanza kucheka huku machozi yanamtiririka, moyo umekuwa mwepesi kana kwamba ametuliwa kuni kichwani.

"Rudia," akasema.

"Mwizi wa kuku!"

"Rudia tena, mtani wangu."

Bilali akarudia, na safari hii akawaingiza na mababu wote wa Raudha.