Neno Moja Katika Barua ya Isidore

Clotilde Ngalula alijiunga na darasa la kusoma la parokia, pale mtaani Kikula, kwa sababu ya blauzi. Mama yake alipofariki kwao Kasai, barua ilimfikia shemeji yake Lambert, naye akamsomea: "Mama anakohoa kidogo, anakusalimu." Clotilde akaanza kumshonea mama blauzi nzito. Siku ya tatu, aliporudi kutoka sokoni, alikuta mikeka imetandikwa uani na wanawake wamekaa wakiwa wamevua viatu. Ndiyo desturi yao: msomaji wa barua hatamki kifo. Huwaita wazee kwanza, mikeka hutandikwa, ndipo mwenye msiba huambiwa akiwa katikati ya watu. Clotilde alijua kuwa ni huruma. Lakini siku zile tatu za kushona huku akiimba zilimchoma kuliko kifo chenyewe, akaapa kwamba habari za mwanawe Isidore atazisoma kwa macho yake.

Mwaka 1970 barua ilifika kutoka Zambia, ambako Isidore alikuwa mfanyakazi wa bwawa la umeme, akishuka chini ya maji kuondoa matawi yaliyoziba wavu. Mwandiko haukuwa wake, na maneno yote yalikuwa ya Kiingereza.

Alasiri hiyohiyo aliipeleka kwa mwalimu Evariste, aliyewahi kuwa karani huko Ndola, Zambia.

"Huyu mama atatuacha nyuma!" alicheka Mathilde, jirani yake wa dawati. "Kiswahili bado, tayari anataka cha Wangereza!"

Evariste aliisoma kimya. Kisha akamwita Mathilde mlangoni, akamnong'oneza. Mathilde aliondoka mbio, kikapu chake akakiacha.

"Amekwenda kunitafutia chaki," alisema Evariste.

"Mwalimu, hii neno inasema nini? Naiona mara tatu."

Evariste aliliandika ubaoni: *dived*.

"Ni kupiga mbizi, Mama. Si kuzama. Anayezama huchukuliwa na maji. Huyu huingia kwa kupenda kwake, kichwa mbele, akijua anachokifuata. Afanyapo kila siku, tunasema *dives*. Alipofanya jana, *dived*."

"Na anatoka?"

"Huingia ili atoke," alijibu mwalimu, bila kumtazama.

Clotilde alilinakili mara kumi katika daftari lake, akiikunja ile herufi ya mwisho kwa uangalifu kama apindaye ukingo wa kitambaa. "Mara tatu! Mutoto yangu iko na nguvu. Na haya yanayofuata?"

"Kesho, Mama. Kwa leo neno moja linatosha."

Alipokuwa akifunga daftari, aliliona sanduku la chaki juu ya meza, limejaa. Hakulifikiria. Alishika njia ya nyumbani, neno lile likizunguka kinywani mwake kama peremende, hadi alipokunja kona.

Mikeka ilikuwa imetandikwa.

Wanawake walikaa peku, Mathilde miongoni mwao, uso umelowa. Lambert alisimama, akakohoa.

"Shemeji, usiseme kitu," Clotilde alimzuia.

Evariste alikuwa amemfuata, akasita langoni. Clotilde akamgeukia.

"Mwalimu, miye nilikuomba macho. Weye ulinifunga kitambaa."

"Nisamehe, Mama. Sikuwa na haki ya kukuambia ukiwa peke yako."

"Sasa siko peke yangu. Kuja ukae."

Aliikunjua barua, akaweka kidole. "*Dived*," alisoma kwa sauti. Kidole kikashuka. "*Dived*." Kikashuka tena. "*Dived*. Haya, nipe yaliyobaki. Yote, moja moja."

Evariste alipiga magoti mkekani, akatafsiri polepole:

"Sisi wenzake wawili tulinaswa kwenye wavu. Alipiga mbizi akatutafuta, akatukosa. Alipiga mbizi tena akanitoa mimi, Mulenga, ninayeandika. Tulimsihi apumzike. Akapiga mbizi kumfuata mwenzangu. Maji hayajawarudisha."

"Tena," alisema Clotilde.

Mwalimu akarudia. Akarudia mara ya tatu na ya nne, naye Clotilde akifuatisha kwa kidole na midomo, mpaka akajua kila neno limekaa wapi, na *dived* ipi ilikuwa ya mwisho. Hakuna aliyethubutu kuanza kulia kabla yake.

Alipomaliza mstari peke yake, aliikunja barua, akaitia katika daftari. Kisha akainama, akavua viatu.