Maiki ya Nyumbani

Nilijisikia nikimeza mate. Gikonyo, mwenye duka la vyombo vya muziki mjini Bungoma, alikuwa amenivika hedifoni na kunisogezea maiki ya kondensa usoni. Nikasikia pumzi yangu, nikasikia mkono wa blauzi ukijisugua ubavuni, hata kiatu cha Aziz nyuma yangu kikikwaruza sakafu.

"Hii inashika kila kitu," Gikonyo akasema. "Kwa nyumba ni tamu sana. Lakini kwa stej, bana, itashika hadi spika, ianze kulia. Kama ni ya shoo, chukueni hii nyembamba. Inasikia mbele tu."

Ulikuwa mwaka wa 2006. Mimi niliimba, Aziz alipiga gitaa la mbao lisilo la umeme, na harusi za Kitale na Tongaren zilikuwa zimetuwezesha kununua maiki moja tu.

"Chagua wewe, Jelimo," Aziz akasema. "Sauti ni yako."

Nikachagua ya nyumbani. Nilisema ni kwa sababu ya ubora wake. Sikusema kwamba niliwaza chumba changu cha Matisi, blanketi zimetundikwa ukutani kuzuia mwangwi, na Aziz akija baada ya swala ya magharibi.

Na alikuja. Mvua ilipopiga mabati tulingoja ikatike ndipo turekodi. Ilipokatika aliinamia gitaa lake nami nikasogea, maana maiki ilikuwa moja na ilitubidi kukaa karibu.

Kisha tukaalikwa kupiga uwanjani Kanduyi, tukaenda na maiki yetu ileile. Kabla hatujafika kwenye kiitikio, spika zikatoa mluzi mkali. Watu wakaziba masikio, wakacheka. Aziz akaichomoa maiki, akaenda hadi ukingoni mwa jukwaa, akapiga gitaa hivyo hivyo, kavu. Walimsikia wa mbele peke yao. Mmoja wao alikuwa kiongozi wa bendi ya Kisumu.

Siku chache baadaye Aziz alisimama mlangoni kwangu, gitaa begani.

"Wananitaka. Nimewaambia tuko wawili. Twende, Jelimo. Huko maiki ziko."

"Na kazi yetu ya hapa?"

Akaitazama maiki kwenye stendi yake, kisha akanitazama mimi.

"Kumbe siku ile ulikuwa unachagua nyumba," akasema taratibu, bila hasira.

Ningeweza kumwambia kwamba niliyemchagua ni yeye. Badala yake nikamuuliza kama atakunywa chai. Akasema gari linamngoja.

Jioni ile mbingu zilikuwa kavu, Matisi yote imetulia. Nikawasha maiki, nikaimba wimbo ambao hatukuwahi kuumaliza. Baada ya ubeti wa kwanza nikanyamaza, kwa muda ule ambao gitaa lingechukua, halafu nikaingia ubeti wa pili.