Nyevu Watatu wa Shamba la Mpira

Saa kumi na mbili asubuhi karani Haridas alikuwa ameketi kwenye meza yake chini ya banda la makuti, akiita majina. Shamba la mpira lilikuwa nyuma ya Malindi, njia ya kwenda Mto Sabaki, na hadi mwezi uliopita majina yalikuwa arubaini. Kisha bei ya mpira ikaanguka huko Ulaya, bwana mwenye shamba akapunguza watu, yakabaki majina kumi na manne. Miti haikupunguzwa.

"Nyevu, mke wa Dzombo," aliita Haridas.

"Nipo," waliitikia wanawake watatu.

Haridas akainua macho. Wote watatu walikuwa Nyevu, kila mmoja na kovu lile lile dogo juu ya nyusi. Jumamosi nyapara alikuwa amempa Nyevu kazi za wenzake wawili walioachishwa, pamoja na yake mwenyewe. Haridas akatia alama moja, akaendelea na jina la Thoya.

Nyevu mmoja aligema utomvu, wa pili akaubeba kwa ndoo, wa tatu akaukausha katika banda la moshi. Kazi ilikwisha kwa wakati. Jioni walirudi nyumbani, na binti yao Kanze akamkimbilia aliyetangulia. Dzombo alitandika mkeka wa pili.

"Mama Kanze," alisema, akichungulia chungu, "unga ni ule ule wa mtu mmoja?"

"Ni ule ule," alijibu aliyekuwa karibu na moto.

Shamba lilitoa posho ya kibaba kimoja cha unga kwa kila jina. Baada ya wiki tatu mifupa ya shingo ilianza kuwatokeza, na yule wa bandani alikuwa akikohoa. Dzombo alipunguza matonge yake mwenyewe. Haikusaidia. Asubuhi moja Nyevu wote wakasimama mbele ya meza.

"Karani, twataka posho ya watu watatu."

Haridas hakuwa mtu mbaya. Alikwenda kwa bwana, akarudi na leso mpya nyekundu.

"Bwana asema jina ni moja. Lakini amefurahi sana na bidii yenu. Asema sisi hapa ni jamaa moja, na wakati huu mgumu tuvumiliane. Amewapa zawadi."

Walijifunga leso hiyo kwa zamu siku sita. Siku ya saba yule wa bandani alianguka kando ya moto. Wenzake walimwinua, huyu kwapa hili, huyu kwapa lile, wakaja naye hadi mezani. Wakaiweka leso juu ya daftari.

"Naacha kazi," alisema mmoja.

"Nimwandike nani?"

"Nyevu. Si jina ni moja?"

Haridas akapiga mstari mmoja.

Walipofika nyumbani Dzombo alimlaza mgonjwa mkekani. Alichemsha muhogo na kunde, sufuria nzima, wakala mpaka wakashiba, wakalala mpaka kesho yake jua lilipokuwa utosini. Kanze alijibana katikati yao. Dzombo aliketi mlangoni akisikiliza kikohozi kikilegea, akajikuta anacheka peke yake. Mvua ziliponyesha walilima kwa majembe manne, wakafyeka hata lile bonde lililolala tangu baba yake alipokufa.

Mahindi yalikuwa yanatoa ndevu Haridas alipopita akielekea mjini. Aliamkiana nao, akaomba maji.

"Habari za huko?" aliuliza Dzombo.

"Njema. Kazi ya Nyevu alipewa Thoya. Siku hizi anakuja wanne."

"Na posho?"

"Ya Thoya mmoja."

Nyevu waliendelea kuambua kunde.

"Akichoka, mwambie aje," alisema mmoja wao. "Bonde lina nafasi."

Haridas aliahidi kumwambia. Alisema pia kwamba karani mwenzake ameachishwa mwezi huu, na madaftari yake ameachiwa yeye. Alipomaliza kunywa akairudisha kata na, kwa haya kidogo, akaomba maji zaidi. Nje ya ua, kivulini, Haridas wa pili alikuwa ameketi juu ya sanduku la madaftari, akipangusa jasho.

Nyevu mmoja akainuka, akaenda kumchotea.