Mafuta ya Maksai

Ignasi alipewa kichwa na mafuta. Nyama yenyewe iligawanywa uani kwa Mwenyekiti Eustaki, juu ya mabati mawili. Paja moja liliingia kwenye Landrova, paja la pili likafuata, na mbavu zikabaki za kuwachomea wageni. Yeye alikuwa amesimama penye mlango wa ua na kamba mkononi, ile aliyomvuta nayo ng'ombe asubuhi. Mtu mmoja akamwekea kichwa kwenye karai, akamwongezea mafuta ya tumboni, akamwambia aende asiwazibie watu njia.

Alikuwa na maksai wawili. Plau huvutwa na wawili. Mmoja ni wa kula majani tu. Kijijini kwao, mwendo mfupi kupanda kutoka Mollo, huko Sumbawanga, hakuna asiyelijua hilo, na bado kila mtu alinyoosha mkono mkutanoni ng'ombe wa Ignasi alipotajwa, maana asingetajwa wa Ignasi angetajwa wa mwingine.

Sababu ilikuwa bunduki. Vita ya Kagera ilikuwa imekwisha mwaka uliotangulia, na Mbonile, mshauri wa mgambo wa tarafa, mtu wa Mbeya mwenye kaunda suti isiyo na kunyanzi, alikuja kueleza kwamba vijiji vitapewa silaha mpya za kijeshi, zinazojipakia risasi zenyewe, siyo magobole ya mababu. Ila kijiji kinachotaka kuwa cha kwanza kionyeshe moyo. Moyo, alieleza, ni ng'ombe.

Ignasi aliomba kuuliza. "Kwani Serikali inauza bunduki, afande?"

Watu walicheka kidogo, halafu wakaacha.

"Nani katamka kuuza hapa?" Mbonile alisema. "Wewe umesikia neno hilo?"

"Sijasikia."

"Mwenyekiti, andika. Ndugu Ignasi ametoa kwa hiari."

Ili asinung'unike, wakamfanya mtunzaji wa hiyo bunduki. Alikuwa amepitia mgambo, hanywi, haibi, na Jumapili yumo kanisani. Eustaki alimshika bega mbele ya watu, akasema bunduki imetoka katika mbavu za ng'ombe wake, basi nani ataitunza kumshinda yeye? Tena akaahidi. Mwisho wa Juni wakubwa wa wilaya watakuja kukagua. Bunduki ikionekana safi, Ignasi atajichagulia dume katika zizi la kijiji, amfundishe kulima kabla ya mvua.

Silvana, mkewe, alipoelezwa hayo alikuwa anayeyusha yale mafuta chunguni. Aliuliza kama ahadi hiyo nayo imeandikwa. Mwanamke akayachuja mafuta kwenye kopo la maziwa ya unga, akalifunika, akalipandisha darini.

Bunduki ilifika imeviringishwa kwenye karatasi nzito, imepakwa grisi ya rangi ya ugoro kutoka kitakoni hadi mdomoni. Mbonile alimfundisha alasiri moja tu, barazani kwa ofisi ya kijiji, huku anatafuna mbavu. Hapa unavuta, hapa unaachia, risasi ya kwanza inaingia. Ukifyatua, ya pili inajipandisha yenyewe. Singe, kisu cha mdomoni, inakunjwa hivi. Grisi unaosha kwa mafuta ya taa mpaka itoke yote, unakausha, unapaka mafuta mepesi kidogo. Dumu la mafuta ya taa limekuja pamoja na silaha, lipo kwa Mwenyekiti.

Dumu lilikuwepo kweli. Miezi hiyo mafuta ya taa hayakuonekana dukani, watu walikula ugali wa ulezi kwa mwanga wa moto, na nyumba iliyokuwa na taa ilikuwa moja. Ignasi alikwenda na chupa. Eustaki alimwambia yale yalikuwa ya kazi za ofisi, na yamekwisha. Alipokwenda mara ya pili aliambiwa atumie akili ya mkulima.

Akili ilitoka kwa Silvana. Chungu chenye mafuta huoshwa kwa maji ya moto na majivu. Chuma nacho ni kama chungu. Walichemsha maji, wakafungua bunduki kipande kwa kipande juu ya mkeka, na grisi ikatoka ikielea kama utandu wa uji. Ndani ya kipande kile cha chuma kinachokwenda mbele na nyuma, Ignasi aliona sindano nyembamba. Ndiyo inayogonga kitako cha risasi. Ilipokauka ikawa inacheza. Ukikitikisa kile kipande unaisikia: ka, ka.

Hilo halikumpendeza. Kitu kinacholia ni kitu kilicholegea. Ekseli ya mkokoteni ikianza kulia unaipaka mafuta ya ng'ombe inyamaze, usipofanya hivyo gurudumu linakutoka mtelemkoni. Alimngoja Mbonile siku ya soko akamweleza: kuna sindano inacheza ndani.

"Bunduki ni mpya," Mbonile alisema bila kusimama. "Tangu lini mtu wa plau akawa fundi wa silaha?"

Ukungu wa huko juu haungoji. Siku ya tatu madoa mekundu ya kutu yalijitokeza kwenye mtutu. Ignasi alilitelemsha kopo kutoka darini. Alipaka nje, akapaka ndani, na lile tundu la sindano akalishindilia mafuta kwa ncha ya kijiti, akitikisa na kusikiliza, akiongeza, mpaka ikanyamaza. Alifurahi. Akaitundika bunduki ukutani karibu na moto, pale mafuta yalipobaki laini.

Tangu hapo aliifungua kila jioni. Angeweza kuifungua na kuifunga akiwa amefumba macho, na kidole chake alikizoeza kulala kimenyooka juu ya mbao, mbali na kifyatulio, hata akiwa anaifuta tu. Shambani alishika jembe la mkono, kwa sababu plau ilikuwa imelala. Silvana alivumilia wiki mbili. Siku moja, mtama ukiwa bado haujapigwa na mume yuko kwenye mkeka na matambara yake, alisimama mlangoni akasema kwa sauti ambayo majirani waliisikia vizuri.

"Mimi ulinitolea ng'ombe wa mahari. Hiyo nayo umeitolea ng'ombe. Kama ndiyo mke, basi ikupikie."

Majirani walicheka mpaka kesho yake. Ignasi naye alicheka kidogo, akainuka kwenda kupiga mtama.

Siku moja kabla ya ukaguzi, Mbonile aliamuru bunduki ilale stoo ya ofisi. Stoo ilikuwa na sakafu ya saruji na dirisha lisilo na kioo. Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa baridi. Akina mama walipangwa mstari tangu saa moja, wafanye mazoezi ya wimbo wa kuwapokea wageni, na wageni wakaja saa nne. Silvana alikuwa mstari wa mbele. Alikuwa amevaa gauni la Pasaka, na kabla ya kutoka nyumbani alikuwa amemfungia Ignasi kifungo cha shati.

Mkubwa kutoka wilayani aliitwaa bunduki, akapitisha leso nyeupe juu ya mtutu na mdomoni, akaitazama leso. Ilikuwa safi.

"Nani anaitunza?"

Ignasi alitoka mstarini. Mkubwa alimwambia Mbonile kwamba kwingine kote alikopita amekuta silaha zimeoza kwa kutu, na kwamba mtu huyu aandikwe jina. Eustaki, nyuma yao, alitikisa kichwa kukubali. Ignasi alilitazama zizi la kijiji ng'ambo ya uwanja. Kulikuwa na dume mmoja mwekundu, mabega mapana, ambaye alikwisha kumchagua moyoni.

Hapo Mbonile akataka kuongeza. Alimpa risasi tatu, azipige kuelekea mlimani, wageni waone shabaha ya wakulima. Ignasi alizipakia, akageukia mlima. Mbonile alisema hapana, akoki kwanza, avute na kuachia tu, huku amewaelekea akina mama, kwa kuwa wageni wameketi ubavuni na wanataka kuona mikono inavyofanya kazi. Mlimani atageukia baadaye.

"Afande, mbele wapo watu."

"Nimekwambia ufyatue? Nimekwambia koki. Hiyo bunduki inajifyatua yenyewe?"

Wageni walicheka. Ignasi aliinamisha mdomo wa bunduki chini, akavuta, akaachia.

Risasi tatu zilitoka kama neno moja. Kidole chake kilikuwa kimenyooka juu ya mbao. Ya kwanza ilirusha udongo, na kitako kikamrudi kifuani. Ya pili ilipasua ngoma. Ya tatu hakuiona ilikokwenda. Wimbo ulikatika upande mmoja wa mstari na ukaendelea kidogo upande wa pili. Silvana alikaa chini kama mtu aliyechoka kusimama, viganja bado vimekaribiana, halafu akalala ubavu juu ya gauni lake.

Landrova ya wageni iliondoka kabla hajafunikwa.

Walimfunga Ignasi mikono kwa kamba, wakamkalisha barazani kwa ofisi. Cornelia, dada wa Silvana, alipita na kanga mbili na ndoo ya maji, akamtazama, akapita. Ignasi aliomba akamwone mkewe kabla hajaoshwa. Mbonile alimwambia polisi wametumiwa mtu Sumbawanga, lori litakuja mchana, na kabla ya hapo kuna kazi. Silaha ya umma haiwezi kukabidhiwa ikiwa katika hali ile.

Kijijini hakukuwa na mwingine aliyejua kuifungua. Wakamfungua mikono. Eustaki mwenyewe alileta beseni, na dumu la mafuta ya taa, likiwa limepungua chini kidogo ya nusu, akamimina bila kumtazama mtu.

Ignasi alifungua kipande kwa kipande. Alipofika kwenye ile sindano haikusogea. Ilikuwa imeganda imejitokeza mbele, kama jino. Aliisukuma kwa kijiti, na mafuta yakatoka nyuma yake, kipande cheupe kigumu, yakaanguka ndani ya beseni yakaelea. Alikitikisa kile chuma. Ka, ka. Hapo akaelewa kwamba sauti ile ndiyo iliyokuwa uzima wa bunduki.

"Ni mafuta, afande," alisema. "Yameganda kwa baridi. Sindano imebaki nje, ndiyo maana bunduki ilipojifunga tu ikagonga risasi. Sikuigusa mimi."

"Mafuta gani?"

"Ya ng'ombe. Ya taa sikupewa."

Eustaki aliweka dumu chini. "Uliomba lini? Mbele ya nani?"

Ignasi alimtazama, akalitazama dumu.

"Haya, mimi nitakwambia walichosikia watu," Eustaki alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole, ya mtu anayemsaidia mwenziwe kukumbuka. "Wiki haijaisha mkeo alikutukana mlangoni kwako juu ya bunduki hii. Majirani wote wanajua. Juu ya ng'ombe pia mligombana. Tangu mwanzo ulikuwa na kinyongo kwa ajili ya ng'ombe uliyemtoa mwenyewe kwa hiari, na hilo liko kwenye kitabu."

Mbonile aliandika. Alichoandika alikisoma kwa sauti, Eustaki aweke sahihi: kwamba mgambo Ignasi ametumia silaha ya umma kumaliza ugomvi wa nyumbani. Kisha akachukua kijiti, akakitoa kile kipande cheupe katika beseni, akakirusha nje ya baraza. Mbwa alikuja akakinusa, akakimeza.

"Maliza kuosha," alisema.

Ignasi alimaliza. Hakujua kufanya kazi ile vibaya. Alikausha, akapaka mafuta mepesi ambayo leo yalikuwepo, akafunga vipande kwa mpangilio wake. Kutoka upande wa makaburi zilisikika sepetu mbili zikipokezana. Udongo wa huko ni mgumu miezi ya baridi.

Mbonile alimwita Fransisko, mgambo aliyepitia mafunzo juzi tu, mtu mwenye mke na watoto watano, akamwambia kuanzia leo yeye ndiye mtunzaji. Lori bado, basi Ignasi amwonyeshe. Fransisko alichuchumaa mbele yake. Hakuweza kumtazama usoni, alitazama mikono. Ignasi aliifungua tena na kuifunga, polepole, akitaja kila kitu, na Fransisko akirudia nyuma yake kama mtoto wa katekisimu. Walipofika kwenye sindano Fransisko alikitikisa kile chuma, akasema hii mbona inalia.

"Iache ilie," Ignasi alisema. "Ikinyamaza—"

"Inatosha," Mbonile alisema. "Mpe risasi."

Honi ya lori ilisikika bondeni. Walimfunga Ignasi tena, safari hii mikono nyuma, wakamsimamisha katikati ya uwanja. Mbonile alimwambia Fransisko asimame hatua tatu kutoka kwa mahabusu, amlenge kifuani mpaka polisi washuke, na akijaribu kukimbia ajue la kufanya. Fransisko alikoki. Kidole chake kilikuwa kimeingia kwenye kifyatulio mpaka kifundo cha pili.

"Ndugu yangu, toa kidole hapo," Ignasi alimwambia taratibu. "Kilaze juu ya mbao."

Fransisko alikitoa.

"Nani anatoa amri hapa?" Mbonile aliuliza.

Fransisko alimtazama Mbonile, akamtazama Ignasi. Akakirudisha.