Chupa ya Matone ya Mama

Ndama ilipiga magoti ya mbele kwanza, pole pole, kama mama mzee kanisani. Mimi bado nilikuwa nimeshika sindano. Simu nilikuwa nimeiegemesha kwa ndoo, inarekodi, juu nilitaka watu waone vile nimeiponya.

Jicho yake ilikuwa imefanya wingu jeupe siku nne. Machozi ilitoka mpaka manyoya ya shavu yakashikana. Mama, ambaye presha ya macho imemwachia tu kivuli na mwangaza, aliipapasa akasema, "Ngatia, usichezee hii. Ita daktari."

Ndugu yangu mkubwa, Muchiri, ndiye alimletea hiyo ndama kutoka Mweiga, baada ya ng'ombe yetu ya zamani kufa. Kukamua ndio kazi pekee Mama alikuwa anaweza bila macho. Kila asubuhi alikuwa anaipima mgongo na mkono, aone imebakisha miezi ngapi ikue, ianze kukamuliwa.

Sikuita daktari. Huku Wamagana kila mtu hudunga ng'ombe yake mwenyewe, na hakuna mtu huamini matone. Dawa ni sindano. Mama alikuwa na chupa mpya ya matone yake ya macho. Nikajiambia, kama inashusha presha ya jicho ya mtu, ya ndama itashindwa aje? Nikavuta chupa yote, nikadunga chini ya kope.

Ilipoanguka ndio nikapigia daktari Kasyoka. Alifika akaweka vidole chini ya mkia, mahali mshipa hupiga. Akangoja. Akangoja tena.

"Moyo inapiga kama mtu anasinzia. Umedunga nini?"

Nikamwonyesha chupa.

"Ati nini? Wewe Ngatia! Hii hupunguza mwendo wa moyo. Mama yako akitia tone moja, ni kidogo tu inaingia kwa damu. Wewe umemwaga yote ndani. Ulifikiria itakaa hapo kwa jicho ikungoje?"

Alijaribu. Alidunga dawa ya kuamsha moyo, tukasugua mbavu na gunia. Masikio yalikuwa baridi, ufizi umeisha rangi, damu haifiki tena. Kabla ya saa sita mchana ilikuwa imekufa, jicho bado na wingu lake.

Muchiri alikuja na pikipiki kutoka mji wa Skuta. Alipata Mama ameketi chini, mkono juu ya ule mgongo.

"Nani alifanya hii ujinga?"

Daktari akaniangalia. Nikafungua mdomo, lakini Mama alikuwa wa kwanza.

"Ni mimi. Nilimwambia Ngatia aidunge."

Muchiri akacheka, ile kicheko ya kuumiza mtu. "Mama, macho tulizoea. Sasa hata akili imeenda? Basi mimi sileti ng'ombe ingine hapa."

Mama akakubali na kichwa. Akageuza uso kunitafuta, akaangalia kando kidogo ya mahali nilikuwa nimesimama.

Ni miaka mitatu sasa. Zizi ni tupu, na bado hajawahi niuliza kwa nini nilinyamaza.