Mtungi Uliokatwa Bega

Supang aliutambua mtungi ndani ya kabati la kioo la makumbusho: wa Kichina, rangi ya asali, joka limeuzunguka, bega limekatwa duara. Alilikata mwenyewe, polepole asiuvunje, ili mifupa ya marehemu mama yake ipite, izikwe humo kwa desturi yao.

"Balang, si uliniambia mti uliuangukia kule makaburini, ukavunjika?"

"Mama, mitungi hii yote inafanana."

"Usinifanye mtoto! Kazi ya mkono wangu nisiijue?"

Mwanawe aliinamisha kichwa. "Mnunuzi aliutaka mtupu, mama. Mifupa ya bibi niliimwaga mtoni."

Supang aliukwapua mkoba wake sakafuni, kama mtu anayeweza bado kuwahi.

"Mto upi?"

Balang alifikiri, akafikiri tena.

"Sikumbuki, mama."